Kompyuta Imesema Nibaki

Matambarale,
4 Mei 2025

Mwanangu Shamimu,

Asalam aleikum. Huku tuko wazima kiasi. Ufuta umekubali mwaka huu, tumeanza kukata, na mgongo wangu unanikumbusha kila asubuhi kwamba sina miaka ishirini. Mwanangu Swalehe bado yuko Namungo anachimba dhahabu ambayo sijaiona. Tangu Idi hajakanyaga hapa. Mama yako miguu inaendeleaje? Mwambie mdogo wangu Hajra aache kulala na soksi kwenye joto la Nachingwea, anajipika mwenyewe.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya nyumba hii anaishika baba yako mkubwa Nuhu. Ukipiga anaweka spika mpaka kuku wanasikia.

Sasa shika kiti. Nataka kuachana na Nuhu. Umeshtuka? Mimi sijashtuka. Miaka thelathini na mmoja inatosha. Sheikh ametukalisha mara mbili, imeshindikana, ametuelekeza baraza la usuluhishi. Kikao ni tarehe 18 Juni, na wanataka maelezo yangu kwa maandishi. Darasa la saba langu linatosha kukuandikia wewe, ila kwa ofisini halifiki. Ndiyo nakuomba uniandikie ukurasa mmoja tu, kwa Kiswahili cha wasomi, kwamba mimi Mwanaima, mwenye akili zangu timamu, simtaki tena mume huyu na naomba atoke.

Usiniulize kwa nini. Ukimaliza mpe kondakta amwachie Mwamina wa duka la mbolea, nitaipitia.

Mama yako mkubwa,
Mwanaima


Nachingwea,
25 Mei 2025

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilikaa kwa kondakta siku tisa, ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake. Mama anakusalimia. Soksi hataki kuacha, anasema ni zake na miguu ni yake. Kazini tunaendelea. Ofisi yetu iko kwenye moja ya zile nyumba walizojenga Wazungu wa mradi wa karanga enzi za ukoloni, bati linapiga kelele mchana kutwa.

Mama Mkubwa, nilisoma barua yako mara nne. Sijaandika ile barua ya baraza. Naomba unisikilize kwanza kabla hujakasirika.

Unajua kazi yangu mnaiita "ile ya kompyuta", sasa nikuelezee. Mwaka jana vijana wetu walipita Nachingwea na Ruangwa kuhoji kaya mia tisa. Majibu yale tumeyaingiza kwenye kompyuta, na ndani yake tumeunda watu wa kubuni, mke na mume, kaya baada ya kaya. Kila mwaka ndani ya kompyuta kila mmoja anajiuliza: nikibaki nitapata nini, nikiondoka nitapata nini? Tunahesabu mavuno, nani analima, nani anapika, watoto, ugonjwa, na mtu atabaki na nini akishaachika. Mapenzi hayapimiki, kwa hiyo kompyuta inayachagulia namba kwa kubahatisha kila mwaka, mara juu, mara chini. Ikijumlisha yote inasema nani ataachana na nani atabaki. Bosi wangu, Dokta Maximilian, anasema katika kaya kumi inapatia nane.

Kaya yenu ni namba 417. Sikutakiwa kuitafuta, ila niliitafuta. Kompyuta inasema kwa asilimia tisini na moja ni heri kwako kubaki. Ukiondoka hali yako inaanguka vibaya sana, kwa sababu unapoteza nyumba na shamba kwa pamoja. Nimeweka karatasi yenyewe humu ndani uione.

Subiri japo msimu mmoja wa korosho, Mama Mkubwa. Nasema kwa kukupenda.

Mwanao,
Shamimu


Matambarale,
2 Julai 2025

Shamimu,

Salamu zako nimezipata. Zangu utazipata nikitulia.

Kwenye bahasha uliandika "Kwa familia ya Bwana Nuhu". Mwamina akampa Bwana Nuhu, angempa nani? Huko kwenye madodoso yenu mmezoea kuandika hivyo, sawa, lakini mimi nilikupa jina la kumwachia na jina langu unalijua tangu unanyonya. Akaifungua. Akaisoma kwa sauti barazani, ndugu zake wawili wapo, kahawa mkononi. Akafika kwenye ile karatasi yako. Unajua alifanya nini? Alipanda bodaboda mpaka Ruangwa mjini akaipiga plastiki! Karatasi ya mwanangu, imepigwa plastiki kama kitambulisho, anatembea nayo mfuko wa shati.

Tarehe 18 tumefika kwenye baraza. Mimi sina barua, nina mdomo wangu tu. Yeye anatoa plastiki. "Wazee wangu, hii imetoka kwa mtoto wa mdogo wake mwenyewe, msomi wa chuo, kompyuta imesema mke wangu abaki." Mzee Saturnini, mwenyekiti, akavaa miwani, akaigeuza mbele na nyuma. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, hata mwanao anasema ubaki. Huoni ni vizuri tukapeana muda?" Nikatikisa kichwa kukubali. Mimi, Mwanaima! Wakaahirisha mpaka 6 Agosti.

Nililia njia nzima kurudi. Nakwambia ili ujue.

Sasa nikuulize, msomi. Kompyuta yako imesema nikiachika napoteza nyumba na shamba. Naenda wapi? Nyumba hii aliijenga bibi yako. Shamba hili alililima mama yake bibi yako. Nuhu alikuja hapa na begi moja na redio, akaoa kwetu kama wanaume wote wa huku wanavyooa. Tangu lini kwetu mwanamke akiachika anafunga virago? Anayefunga virago ni mwanaume. Wewe ulikuwa na miaka tisa baba yako alipotoka kwa mama yako. Alifunga godoro kwenye baiskeli, na wewe ndiye uliyeishika baiskeli isianguke wakati anakaza kamba. Nilikuwepo, nilikuona. Halafu unaenda kuiambia kompyuta mambo ya watu wengine!

Na mapenzi ya kubahatisha. Mweh! Mnalipwa kwa hiyo kazi?

Mwanaima


Nachingwea,
9 Julai 2025

Mama Mkubwa,

Shikamoo, na naomba radhi. Bahasha ni kosa langu. Karatasi ni kosa langu. Nimekaa na barua yako siku mbili sijala vizuri, mpaka mama akaniuliza kama nina mimba.

Ya baba na baiskeli sitayajibu.

Usiku ule ule niliosoma barua yako nilifungua modeli, yaani zile hesabu za kompyuta, nikatafuta. Kuna mstari mmoja, mfupi tu, unaosema: ndoa ikivunjika, mke anarudi kwao, nyumba na ardhi vinabaki kwa mume. Niliuandika kwa mkono wangu. Niliutoa kwenye kitabu cha chuo, na mwenye kitabu aliandika habari za nchi yake. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikaa hapa Nachingwea, kwenye nyumba ya mama ambayo baba aliiacha, nikaandika hivyo na sikuona kitu. Wallahi sijui nilikuwa na akili gani.

Tena vijana wetu walipokuja kwenu walimkuta Baba Mkubwa peke yake. Kwenye swali la mwenye ardhi wameandika jina lake, na pembeni wameandika "hati imeonekana". Hapo sijaelewa. Hati gani?

Nimeubadilisha ule mstari. Nimeandika: anayeondoka ni mume, na mke anabaki kwao. Nikaiendesha upya. Ile tisini na moja imeshuka mpaka kumi na nne. Kwa hesabu mpya kompyuta inasema ungemwacha mwaka 2012. Na si wewe tu, nusu ya kaya zimebadilika. Wanawake niliokuwa nawaona wavumilivu, kumbe ndio wenye sauti nyumbani, kwa sababu hawana pa kufukuzwa. Nilimpelekea Dokta Maximilian. Akasema ripoti imeshatumwa, tusivuruge.

Nitakutumia karatasi mpya ukaioneshe baraza. Safari hii nitaandika jina lako. Ila niambie, alikukosea nini? Hanywi, hapigi, nimemjua tangu mdogo. Mama naye hajui.

Shamimu


Matambarale,
20 Julai 2025

Mwanangu Shamimu,

Asalam aleikum. Umeomba radhi, nimesamehe, yameisha. Ufuta tumeuza. Tunapulizia salfa mikorosho, nimekuwa mweupe nywele na nyusi, wajukuu wananiita bibi wa unga. Swalehe amepita kwa siku moja, kaja na shati jipya la Namungo na njaa, kala, kaondoka.

Karatasi mpya usiilete. Nimesema usiilete. Ukiileta nitawashia jiko. Ya kwanza ilisema nibaki, nikakasirika. Ya pili inasema ningeondoka 2012, nikakasirika zaidi. Nani kasema nilitaka kuondoka 2012? Mwaka ule tulikuwa tunacheka! Alinunua baiskeli akawa ananipakia mpaka mnadani, nina miaka arobaini na kitu, nimekaa nyuma na khanga mpya kama bibi harusi. Kompyuta inajua hilo? Nikienda barazani na karatasi yako ya pili, kesho ataleta ya tatu. Sitaki kuachana kwa karatasi. Nataka kuachana kwa sababu mimi nimesema.

Umeuliza hati gani. Haya. Nilikuwa sitaki kumwambia mtu, hata Hajra, maana ni aibu.

Mwaka juzi walikuja wapimaji wa ardhi wa hati za kimila. Unakumbuka nilikuwa hospitali ya Nyangao nauguza mjukuu, wiki tatu. Waliuliza mwenye shamba nani. Nuhu akasema mimi. Wakaandika. Jina moja tu, Nuhu Jamali. Ardhi ya mama yangu, ambayo kaburi lake limo ndani yake. Niliporudi hakuniambia. Niliikuta hati mwezi wa tatu mwaka jana nikitafuta kadi ya kliniki, imekunjwa ndani ya kitabu cha Yasini.

Sikumwuliza. Nilisema nitasubiri, atasema mwenyewe, huyu ni mtu wangu. Nikapika, nikasubiri. Tukalima, nikasubiri. Miezi kumi na nne, Shamimu! Namwangalia usoni kila jioni, anakula ugali wangu, anasema "mboga tamu leo". Hakusema. Hapo ndipo alipoisha moyoni mwangu. Angekuja mapema akasema Mwanaima nilitamani jina langu liwe mahali, mimi sina kwetu tena huku, ningekasirika siku tatu na tungeenda pamoja kurekebisha. Najua si mtu mbaya. Ndiyo maana inauma.

Sasa sikia. Aliyepeleka plastiki ile barazani ni wewe, hata kama mkono ulikuwa wa Nuhu. Uje tarehe 6 Agosti uiondoe. Usije na namba. Simama tu useme umekosea. Yaliyobaki nitasema mimi.

Mwanaima


Nachingwea,
30 Julai 2025

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nimesoma, na nimemsomea mama. Alivua soksi, akatafuta viatu, anataka kuja huko kwa miguu kumkabili Baba Mkubwa. Nimemzuia kwa shida.

Nilimwomba Dokta ruhusa ya siku moja. Akataka kujua ya nini, nikamwambia kweli. Akanisomea ile karatasi niliyosaini nilipoajiriwa: siri za kaya hazitolewi kwa mtu yeyote, hata ndugu. Kwa kufungua namba 417 na kukutumia nilishavunja. Akasema hapo alipo anaweza kujifanya hajui, lakini nikisimama mbele ya watu nikataja modeli hataweza tena kunitetea. Nisimwonee, alisema kwa masikitiko. Anasema nifikirie miaka yangu ya kusoma.

Nimefikiria. Wakati natoka mlangoni nilikuwa na hofu na hasira, sijui ipi ilikuwa kubwa. Nakuja. Kama ni kazi, iende. Niliwaambia wazee wale uongo bila kufika, sasa nitafika niwaambie ukweli.

Gari la kwanza la Ruangwa linatoka saa kumi na mbili. Usinipikie, sitaweza kula.

Shamimu


Nachingwea,
24 Agosti 2025

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Samahani niliondoka siku ile kabla kikao hakijaisha, gari la mwisho lilikuwa linapiga honi. Nimesubiri habari wiki mbili na nusu, na mama ananiuliza kila asubuhi kama vile mimi ndiye redio.

Naikumbuka sauti yangu ilivyokuwa ndogo. Nilipanga maneno mengi, nikasema matatu tu: wazee wangu, nimekosea. Mzee Saturnini aliponiuliza, "Kwa hiyo kompyuta ilidanganya?" nikamwambia hapana mzee, haidanganyi, inarudisha nilichokiweka, na nilichoweka ni desturi ya watu wengine. Nikaiomba ile plastiki. Baba Mkubwa aliitoa mfukoni polepole. Hakuniangalia. Hapo nilimwonea huruma, usinichukie.

Nilipokuwa natoka nilikusikia umesimama, umeanza kusema. Sijawahi kukusikia ukiongea taratibu namna ile, na niliogopa kuliko ukipiga kelele. Je, ikawaje? Ameondoka? Uko salama?

Kazi imeisha. Dokta alinipa barua ya kuniachisha na mkono wa kwaheri. Ila alifanya jambo moja sikulitarajia. Amewaandikia wakubwa kwamba ripoti isitishwe, modeli irekebishwe kwa kaya zote za huku, na ameandika nani aliliona kosa. Ameniomba kama hisani nimalizie fomu moja ya mwisho kabla sijarudisha vitu, ya kaya 417, kwa ruhusa yako. Ukikataa, kaya yenu inafutwa kabisa. Wanataka kujua ndoa imevunjika au la, na sababu. Sababu zimeorodheshwa nane, natakiwa nizungushie moja: kipigo, ulevi, ugoni, kutotunza familia, maradhi, kukosa mtoto, ndugu kuingilia, umbali.

Nifanyeje?

Shamimu


Matambarale,
14 Septemba 2025

Mwanangu Shamimu,

Asalam aleikum. Kwanza chakula: nakutumia mbaazi debe moja na mihogo mikavu kwa gari la Jumatatu. Mtu aliyefukuzwa kazi asife njaa na ana mama wawili. Pili, Hajra avae soksi zake, nimechoka kubishana naye, miguu ni yake kweli.

Ulipotoka niliwaambia wazee hivi. Nikasema, "Sina ushahidi wa kompyuta. Nina mama yangu amelala kule shambani, na jina la mtu mwingine juu yake. Nilimsubiri huyu bwana miezi kumi na nne aseme, hakusema. Leo nasema mimi. Simtaki." Basi. Nikakaa. Mzee Saturnini akamuuliza Nuhu, hati ipo? Akasema ipo. Kwa nini hukumwambia mkeo? Hapo, Shamimu, mtu mzima akashika uso akalia. Akasema aliogopa, siku moja nikimchoka atatoka hapa uzeeni na begi lile lile alilokuja nalo. Nami nililia. Lakini sikurudi nyuma. Kumwonea huruma mtu ni kitu kimoja, kuishi naye ni kingine.

Baraza likaandika kwamba usuluhishi umeshindikana. Ijumaa iliyofuata Nuhu mwenyewe akaandika talaka mbele ya sheikh. Hakulazimishwa. Amehamia kwa mdogo wake Ruangwa mjini. Ile mikorosho arobaini aliyoipanda kwa mkono wake nimemwambia aje avune msimu huu, na baada ya hapo kaka zangu watakaa na ndugu zake waone itakuwaje. Jasho lake silikatai. Hati imerudishwa kijijini kwa marekebisho, nimekwenda mara tatu, kila mara wananiambia bado. Nitakwenda ya nne na ya kumi. Mwenye ofisi ameanza kuniona kwa mbali anajificha.

Usiku nyumba ni kubwa. Sitakudanganya. Juzi nilipika ugali wa watu wawili.

Hiyo fomu jaza, ruhusa nimekupa, wasiifute. Nimefutwa kwenye karatasi moja, hainitoshi? Nimezisoma sababu zao nane. Kipigo, hapana. Ulevi, mtu anakunywa chai tu. Ugoni, sikumkamata na sikutafuta. Alinitunza. Maradhi, ni mgongo wangu tu. Watoto tunao. Ndugu hawakuingilia ila wewe, na wewe nimekusamehe. Umbali, tulilala kitanda kimoja mpaka siku ya mwisho.

Usizungushie hata moja. Chini yake andika kwa kalamu, herufi kubwa: ALIJIANDIKA MWENYE SHAMBA LA MAMA YANGU, AKANYAMAZA, NIKAMTOA. Kama fomu haina mstari wa maneno hayo, chora mstari.

Mama yako mkubwa,
Mwanaima